Moshi wa Sala Mbele ya Majaji

Askari wa doria anapomkuta mtu na msokoto wa bangi, hana haja ya kumwuliza kama alikuwa akistarehe au akisali. Kwake sheria ni moja. Huko Afrika Kusini, hata hivyo, swali hilo lilifika katika Mahakama ya Katiba, likawagawanya majaji, na likamfungia mtu mmoja mlango wa kazi aliyoisomea.

Mtu huyo ni Gareth Prince, muumini wa Rastafari. Alipomaliza masomo ya sheria, kilibaki kipindi cha kuitumikia jamii kabla ya kukubaliwa kuwa wakili. Chama cha wanasheria cha jimbo la Cape kilikataa kumwandikisha. Alikwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa kukutwa na bangi, na alieleza waziwazi kwamba ataendelea kuitumia, kwa kuwa imani yake yataka hivyo.

Imani hiyo ilizaliwa Jamaica katika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia mwaka 1930. Mmea wenyewe ulipata kuenea kisiwani humo katika karne ya 19, pamoja na vibarua waliotoka Bara Hindi. Ndiyo maana Wajamaika huuita ganja, jina la Kihindi, kama vile neno letu bangi nalo lilivyotoka huko huko. Marastafari wengi huona kuwa mmea huo hutuliza moyo na kumsaidia mtu kutafakari. Huketi pamoja, wakasali kwanza, kisha wakajadiliana juu ya Maandiko na mambo ya dunia. Wengine huufukiza kama ubani. Tena wako Marastafari wasiouvuta kamwe.

Kesi ya Prince iliamuliwa tarehe 25 Januari 2002. Majaji watano walimkatalia, wanne wakawa upande wake. Wote walikubali kwamba Rastafari ni dini inayostahili kulindwa na katiba. Walichotofautiana ni jambo linalomgusa kila askari: polisi atatambuaje bangi ya ibada na bangi ya ulevi? Moshi ni ule ule, na nia ya mtu haionekani kwa macho. Wale watano waliona kwamba ruhusa ya namna hiyo ingevuruga kazi ya kuzuia dawa za kulevya. Wale wanne walijibu kwamba marufuku iliyofunga kila tendo, hata lile lisilo na madhara, ilikuwa pana kupita kiasi.

Prince hakukata tamaa. Alipeleka malalamiko yake kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, kisha katika Umoja wa Mataifa, na kote huko akashindwa. Ndipo akarudi mahakamani kwa njia nyingine. Tarehe 18 Septemba 2018, Mahakama ile ile ya Katiba iliamua kwa kauli moja kwamba mtu mzima anaweza kupanda, kuwa na kutumia bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Msingi wa hukumu haukuwa dini, bali haki ya faragha. Kuuza bangi kulibaki kuwa kosa. Sheria ya kutekeleza uamuzi huo ilitiwa saini Mei 2024.

Jamaica ilifuata njia yake. Mwaka 2015 Bunge lilirekebisha sheria, likawaruhusu Marastafari kuitumia bangi katika ibada zao.

Hukumu za nchi moja si sheria za nchi nyingine. Sheria za Kenya na Tanzania hazina kifungu kinachoruhusu bangi kwa ajili ya sala, na kijana anayekamatwa nayo hataokolewa na habari za Cape Town. Wazazi nao hawana budi kukumbuka kwamba bangi hudhuru kumbukumbu na akili za vijana ambao ubongo wao bado unakua, na dhamiri njema haiondoi madhara hayo.

Hata hivyo, askari ana funzo lake. Nywele za msokoto si ushahidi wa kosa lolote. Anayemkamata mtu kwa sababu ya bangi hutimiza sheria. Anayemdhalilisha kwa sababu ya imani yake huivunja.