Sukari Itoke Kwenye Sufuria

Ukishuka basi Mikumi mjini alfajiri ukaagiza chai, mara nyingi utamiminiwa chai iliyokwisha kukolezwa sukari jikoni. Huulizwi vijiko vingapi. Dereva wa lori anayeelekea Tunduma, mtoto wa miaka minne na mzee mwenye kisukari wanamiminiwa kutoka chupa moja, utamu uleule.

Naanza na chupa hiyo kwa sababu katika kazi yangu ya ushauri wa lishe naulizwa swali jingine kabisa: "Nikiacha sukari, nihamie kipi kilicho salama?" Anayeuliza huwa ameshasikia habari za asali, za sukari guru, za vile vidonge vidogo vya dukani. Nitajibu moja baada ya jingine, lakini niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ile chupa.

Wilaya ya Kilosa, uliko mji huo wa Mikumi, inaijua sukari tangu ikiwa shambani. Ukishika barabara ya Mikumi kwenda Kidatu utayakuta mashamba ya miwa, na kiwanda cha Kilombero kina mitambo pande mbili za Mto Ruaha Mkuu: Msolwa upande wa Kilombero, Ruembe upande wa Kilosa. Katika wilaya hiyohiyo, Mbigiri, kuna kiwanda cha Mkulazi. Sukari ya mezani inayotoka viwandani kwetu kwa kawaida ni ya kahawia, na watu wengi huamini rangi hiyo ni dalili ya afya. Ni molasi kidogo tu iliyobaki kwenye chembe. Kinachobaki ni sukrosi ileile iliyomo kwenye sukari nyeupe, na mwili huivunja kwa njia ileile.

Sukari guru, ambayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda, ina madini zaidi, hasa chuma. Hapo ndipo ushauri mwingi wa mitaani unapopotea. Chai ina kemikali zinazoshika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasifyonzwe. Anayemtilia mjamzito sukari guru kwenye chai ili aongeze damu anatwanga maji kwenye kinu. Mama huyo atafaidika zaidi akila maharage na matembele yake, akamalizia na chungwa, kisha akaiacha chai isubiri saa moja au zaidi baada ya mlo.

Asali naipenda, na misitu ya miombo inayozunguka Mikumi ni malisho mazuri ya nyuki. Ina harufu ya maua yake, ina vitu vingine vichache vyenye manufaa, na hutuliza kikohozi. Lakini takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4. Kijiko hichohicho cha asali kina uzito wa gramu 7, na ndani yake sukari karibu gramu 6. Kwa kuwa asali ni tamu zaidi, nusu kijiko humtosha mtu, na hapo ndipo faida yake ilipo. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza sukari. Mgonjwa wa kisukari aihesabu kama sukari, hata akihakikishiwa kwamba ni mbichi na haijachakachuliwa. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu asali inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kupooza misuli kwenye utumbo wake mchanga. Hili nalisisitiza kila ninapokutana na bibi wanaolea wajukuu.



Vidonge na vipakiti visivyo na sukari ni suala tofauti. Sakarini, aspatamu, sukralosi na stivia ni vitamu mno, mara mia kadhaa kuliko sukari, ndiyo maana chembe hutosha, na kwa kiasi hicho havipandishi sukari ya damu. Mwenye kisukari anaweza kuvitumia. Ila asome pakiti: baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la stivia umechanganywa na dekstrozi au maltodekstrini, ambazo hupandisha sukari. Kwa asiye na kisukari anayetaka kupunguza uzito, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 asivitegemee, kwa kuwa havijaonyesha faida ya kudumu. Mimi naongeza sababu yangu: vinaulea ulimi katika kiu ileile ya utamu.

Kwa hiyo shida iko kwenye kiasi. Shirika hilohilo mwaka 2015 lilipendekeza sukari ya kuongeza, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ishuke hadi 25, ambazo ni vijiko sita vilivyosawazishwa. Sisi tunachota kijiko cha mlima. Vitatu vya namna hiyo ni karibu gramu 20, na bado hujanywa kikombe cha pili, hujanywa soda.

Jipimeni hivi. Siku mnapofungua kilo ya sukari, andikeni tarehe kwenye mfuko. Familia ya watu watano inayokula gramu 25 kila mmoja huimaliza kwa siku nane. Ikiisha kwa siku nne, wastani wenu ni gramu 50 kwa kichwa, na humo mmewahesabu watoto, ambao kiwango chao ni cha chini zaidi. Soda, juisi na biskuti za dukani hazimo kwenye mfuko huo.

Kupunguza kunawezekana, ila kusiwe kwa ghafla. Ondoa nusu kijiko, kaa na kiwango hicho wiki mbili, kisha ondoa nusu nyingine, ulimi huzoea. Chemsha na mdalasini, iliki au mchaichai. Harufu ya mdalasini na iliki ubongo umeizoea pamoja na vitu vitamu, hivyo chai huonekana tamu kuliko ilivyo. Tangawizi ni nzuri, lakini ukali wake huwafanya wengi waongeze sukari, basi ipunguze nayo. Maziwa mabichi yaliyochemshwa vizuri yana utamu wake wa asili.

Watu wa pwani walikwishatuonyesha njia nyingine. Kahawa chungu hainywewi na sukari. Mtu hutafuna tende, akapiga funda. Utamu unabaki nje ya kikombe, unaonekana na unahesabika. Chai ya rangi isiyo na sukari, na tende mbili au kipande cha kiazi kitamu pembeni, hukubalika vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na bei ikapaa. Nyakati kama hizo, kwa mama lishe, sukari inayomwagwa kwenye sufuria ni hasara pia, maana hajui nani angeridhika na kidogo. Ombi langu kwake ni chupa mbili mezani: moja ya chai iliyokolezwa, nyingine ya chai isiyo na sukari, iliyofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, na bakuli la sukari lenye kijiko kidogo na kifuniko cha kuzuia nzi. Kabla ya kumimina, aulize: "Yenye sukari, au ya uzi mwekundu?"