Je, Wajua? Mgongo Usiopenda Kupumzika

Si kila mgongo unaouma hutulia kwa kulala. Mbeba mizigo wa Soko la Soweto, Mbeya, anayeshinda akishusha lumbesa za viazi, akijinyoosha kitandani hupata nafuu. Baridi yabisi ya uti wa mgongo huenda kinyume: humwamsha mtu usiku wa manane, asubuhi akashindwa kuinama kufunga kamba za viatu kwa nusu saa au zaidi, kisha akitembeatembea mwili unalegea. Aghalabu huanza kabla ya miaka 45, na huku kwetu lawama zote hupewa baridi ya Julai.

Dawa zipo, ila mazoezi ni ya maisha, na yanachosha. Ndipo watafiti wakageukia michezo. Mwaka 2016 wenzetu wa Uturuki walichapisha matokeo ya wagonjwa waliocheza michezo ya video ya kuchezesha viungo kwa wiki 8, na maumivu yao yalipungua.

Miwani ya uhalisia pepe imefika mbali zaidi. Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington aliwavisha majeruhi wa moto, wakawa wanarusha mipira ya theluji huku vidonda vikihudumiwa. Akili ikishughulishwa, maumivu hupata nafasi ndogo. Novemba 2021 Marekani iliidhinisha programu ya miwani hiyo kwa maumivu sugu ya kiuno.

Bei yake? Tuache. Kipimo cha bure cha mgongo wako ni ukuta: simama, visigino na mgongo viuguse, uso mbele. Kisogo kisipofika, mwone daktari.