Mwembe Ukianguka, Usikimbilie Kuuza Kuni

Kusi inapoanza kuvuma hapa Pwani, hapakosi mwembe unaoanguka. Mwengine hauangushwi na upepo, huangushwa na msumeno kwa sababu kiwanja kimeuzwa na mnunuzi anataka kujenga. Mti uliopandwa na babu, uliolisha mtaa mzima ngowe na dodo, unakatwa asubuhi na jioni vipande vimo kwenye mkokoteni vikielekea kwenye tanuri la mikate au jiko la biriani. Mwenye mti hupewa pesa kidogo, naye hushukuru kwamba uwanja umesafishwa.

Sina ugomvi na wauza kuni, nao wanatafuta riziki. Lakini shina la mwembe mkubwa lina mabakuli, sahani na vyombo vya maua vinavyoweza kumlipa fundi na mwenye mti mara nyingi zaidi ya kuni. Kinachokosekana ni ujuzi wa kukereza, na ujuzi huu ndio ninaotaka kuueleza leo, kwa sababu vijana wengi wananiuliza kazi gani inafanyika Pwani bila kusubiri ahadi za wanasiasa.

Kukereza ni nini?

Mchongaji huweka mbao ikatulia, akaizungushia patasi. Mkerezaji hufanya kinyume chake: mbao ndiyo inayozunguka na mkono wa fundi hutulia. Ndiyo maana kila kinachotoka kwenye keezo huwa cha mviringo: bakuli, chombo cha maua, tendegu la kitanda, nguzo za ngazi, na hata ile pia tuliyochezea utotoni.

Kazi hii si ngeni kwetu. Picha ya kale inayojulikana ya keezo imo kwenye kaburi la Petosiris huko Misri, la miaka ya 300 hivi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mtu mmoja anavuta kamba ili mbao izunguke, mwenzake anakata. Baadaye mafundi walitumia uta, kamba yake ikazungushwa kwenye mti na uta ukavutwa mbele na nyuma. Huko Morocco wapo wanaofanya hivyo hadi leo, mkono mmoja kwenye uta na wayo wa mguu ukiongoza patasi. Zile mashrabiya za Kairo, madirisha ya vijiti vilivyosukwa kama lesi, ni maelfu ya vipande vidogo vilivyokerezwa. Na hapa kwetu, vitanda vya zamani vya Lamu na Siyu vilisimama juu ya matendegu ya kukereza, yaliyotiwa rangi nyekundu na nyeusi kwa mistari. Lugha haiweki neno kwa kazi isiyokuwepo, na sisi tunalo neno keezo tangu kabla ya umeme kufika.

Gogo hukatwa vipi

Kosa kubwa hufanyika siku ile ile mti unapoanguka. Gogo likiachwa juani kwa wiki, ncha zake hupasuka na nyufa huingia ndani. Sababu ni kwamba maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuziba ncha kwa nta iliyoyeyushwa, au hata rangi nzito ya mafuta iliyobaki nyumbani, kisha gogo liwekwe kivulini, lisigusane na udongo kwa sababu ya mchwa.

Jambo la pili ni kukwepa kitovu cha gogo, kile kidoa kilicho katikati ya pete. Mbao inapokauka hunywea, na kunywea kwenyewe hakulingani. Kufuata mzunguko wa pete hunywea takriban mara mbili ya inavyonywea kutoka kitovuni kuelekea gomeni, na kwa urefu wa mti hainywei karibu chochote. Bakuli lililobeba kitovu ndani yake ni vigumu kuepuka ufa. Fundi hupasua gogo katikati kabisa, kitovu akakiondoa, akapata nusu mbili. Kila nusu huzaa bakuli moja kubwa, na vipande vya pembeni huzaa vidogo. Mafundi wengi huelekeza mdomo wa bakuli upande uliokuwa kitovuni na kitako upande wa gome.

Subira ya kukausha

Hapa ndipo vijana wengi hushindwa, si kwa mikono bali kwa subira. Mbao mbichi ni laini, hukatika kama tikiti, na ni raha kuikereza. Lakini bakuli lililomalizwa likiwa bichi litapindika na kuwa yai, au litapasuka.

Dawa yake ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza bakuli hutolewa umbo tu na kuachwa na ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wake. Bakuli la sentimita 30 huachwa na unene wa sentimita 3. Kisha hufunikwa kwa karatasi au maranda yake lenyewe na kuwekwa mahali pasipo upepo mwingi, likauke polepole kwa miezi kadhaa. Utajuaje limekauka? Chukua mizani ya dukani, lipime, andika uzito kwa penseli kwenye kitako, na urudie kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, liko tayari. Litakuwa limepindika kidogo, lakini ule unene ulioacha unakupa nafasi ya kulinyoosha mara ya pili.

Fundi mwenye akili hukereza kila wiki mabakuli mabichi na kuyapanga rafuni, ili baada ya miezi sita awe na mabakuli makavu kila wiki. Anayeanza leo na kutaka kuuza kesho ataishia kuwauzia watu nyufa.

Mashine, mwendo na bobari

Mashine yenyewe ni nyepesi kuielewa. Kuna mota, mkanda, mhimili unaozunguka, taya au sahani ya chuma inayoshika mbao, na kiegemeo cha kulaza patasi. Nimeona mafundi waliounda zao kwa vyuma chakavu na mota ya zamani, zikafanya kazi. Lakini usalama hauna mjadala.

Angalia hesabu hii. Bakuli la upana wa sentimita 30 likizunguka mara 600 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kama kilomita 34 kwa saa. Mashine ikiachwa kwenye mizunguko 3,000, ukingo ule ule unakwenda kilomita 170 kwa saa, kasi ambayo hata matatu za Mombasa-Malindi hazithubutu. Kipande kikiruka kwa mwendo huo hakichagui. Kwa bakuli la upana huo, mizunguko 500 hadi 750 inatosha, na gogo lisilo duara bado lianze chini ya hapo. Uso ufunikwe kwa kinga ya plastiki ngumu. Kanzu, mikono mirefu, kitambaa cha shingoni, saa na pete vyote viachwe nje ya karakana.

Chombo kikuu cha kukatia ni bobari, ile patasi yenye mfereji. Siri yake ni kufuata nyuzi za mbao zisiinuke. Kwa bakuli, nje hukatwa kutoka kitakoni kwenda ukingoni, na ndani hukatwa kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukienda kinyume, nyuzi hung'oka na msasa wote wa duka hautazifuta. Na bobari ikiwa butu, ndio mwanzo wa ajali, maana fundi huanza kusukuma kwa nguvu. Kabla ya kupitisha mkato wa mwisho, inole upya.

Chombo cha maua ni kazi ya juu zaidi. Hapo nyuzi hulala kwa urefu wa chombo, kwa hiyo ndani unachimba kwenye ncha za nyuzi, mahali pagumu kuliko pote. Mwelekeo nao hugeuka, ndani unakata kutoka katikati kwenda nje. Shingo ikiwa nyembamba fundi haoni anachokata, husikiliza sauti tu na kupima unene kwa kalipa. Ushauri wangu kwa anayeanza: tengeneza mabakuli 50 kwanza.

Msasa, mafuta na moto

Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake yana makali, na wazee walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani. Fundi huanza na msasa mkali na kushuka hatua kwa hatua, bila kuruka hatua.

Kisha mafuta. Mafuta ya nazi hayakauki. Bakuli hung'aa leo, na baada ya muda huweza kuanza kuvunda harufu. Mafuta ya kitani hukauka na kuwa ngozi ngumu, na ukipaka nta ya nyuki juu yake bakuli linafaa kwa matunda, tende na mikate. Lakini sikiliza vizuri: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, huweza kujipasha moto chenyewe hadi kuwaka. Karakana zetu nyingi zimeezekwa makuti na sakafu imejaa maranda. Vitandaze vitambaa hivyo nje, kimoja kimoja, hadi vikauke, au vilowe maji kabla ya kuvitupa.

Na vumbi je? Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mwembe nao ni ndugu wa mkanju, na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu hadi ngozi ikavimba. Barakoa inayobana vizuri si anasa, ni kifaa cha kazi kama bobari.

Bakuli la Lamu likifika Nairobi

Kuna lawama ninayoisikia kutoka kwa wateja: "Nilinunua bakuli zuri Pwani, nikalipeleka bara, likapasuka." Wengine huona wametapeliwa. Ukweli ni kwamba mbao hunywa unyevu wa mahali ilipo. Hewa ya bahari ina unyevu mwingi, na mbao iliyokauka kwa kipimo cha Lamu bado ina maji kwa kipimo cha Nairobi, sembuse nyumba ya Ulaya yenye kipasha joto wakati wa baridi. Ikifika huko hunywea tena.

Fundi anaweza kujikinga. Aache mbao ikae zaidi, akereze ukuta mwembamba na ulio sawa kila mahali, asiuze kamwe bakuli lenye kitovu, na amwambie mteja aliweke mbali na jua na asilitie majini likalala. Jina la fundi mmoja likiharibika, huharibika la mtaa mzima.

Mti gani, na nani afundishe

Sisemi twende msituni. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa maana, na Arabuko-Sokoke imeshakamuliwa muhuhu vya kutosha kwa ajili ya vinyago. Miti ya kukereza tunayo majumbani: mwembe, mfenesi wenye mbao ya manjano, mzambarau, mkungu, na mwarobaini ambao ni mgumu kuliko mwembe na umeota kila kona. Mwembe ukichelewa kidogo, kuvu huuchora mistari myeusi ambayo wanunuzi huipenda. Ukichelewa sana huoza na kuliwa na wadudu. Ndiyo maana simu kwa fundi ipigwe siku mti unapoanguka, si mwezi baadaye.

Lakini fundi mwenyewe yuko wapi? Wanaojua wamezeeka, na watoto wao wanaendesha bodaboda. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, kwa hiyo gavana hana wa kumsukumia jambo hili. Nimefika katika chuo kimoja cha Pwani, jina nalihifadhi, nikaikuta mashine ya kukereza imefunikwa turubai kwa sababu hakuna mwalimu anayeijua. Mashine ilinunuliwa, picha zikapigwa, basi. Wakati huo huo mzee anayeweza kuifundisha anakaa barazani hana kazi. Hana cheti, kwa hiyo hawezi kuajiriwa. Kaunti ikimlipa mzee huyo kwa siku mbili tu za wiki, vijana kumi watatoka na kazi mikononi.

Nabii Zakariya, amani iwe juu yake, alikuwa seremala, na hadithi sahihi imetuhifadhia hilo. Basi kijana asione haya kutoka karakanani na maranda kichwani. Nasi wenye miti tukumbuke kwamba israfu haiko kwenye sahani ya wali peke yake. Mti uliokua miaka 60 kuishia kwenye moto wa asubuhi moja, ilhali jirani ana keezo na hana mbao, huo nao ni ubadhirifu. Kama una mwembe unaotaka kuukata kusi hii, muulizie fundi kwanza. Matawi yachukuliwe na muuza kuni, shina limsubiri mkerezaji.