Utelezi wa Ndani ya Dumu

Ingiza kidole kwenye shingo ya dumu la manjano lililochotewa maji kwa miezi kadhaa pale Jinja. Linateleza. Mwenye kulijua dumu lake hutia kokoto na maji kidogo, akalitikisa mpaka mkono uchoke. Sabuni peke yake haifui dafu.

Utelezi ule ni mji wa bakteria. Bakteria anayeelea hana macho, ila anajua kupapasa. Wako wenye mkia unaozunguka kama pangaboi, na ukigusa ukuta mzunguko unakuwa mzito: uzito huo ndio habari. Wengine, kama Pseudomonas, hurusha pia vinyweleo, vikinasa wanavivuta kama mvuvi na mshipi wake, wakahisi ukinzani. Hapo ndani ya chembe hupanda kemikali ya ujumbe, di-GMP ya mduara, ambayo kundi la Moshe Benziman wa Jerusalem liliitangaza mwaka 1987 kutoka kwa bakteria wa siki (viumbe wa jikoni kabisa). Ikipanda, kuogelea kunakoma na ute wa kunata unaanza kutoka. Klorini ikija baadaye huwapata wa juu. Wa chini wamejifunika.

Mbale, huko huko Uganda, kisa hichohicho kimo vichwani mwa watoto. Hospitali ya CURE pale hutibu watoto wenye kichwa kikubwa, wengi wao maambukizi ya uchangani yaliziba njia za maji ya ubongo. Tiba iliyozoeleka ni mpira mwembamba wa silikoni unaoyateremsha maji hayo tumboni. Lakini mpira nao ni ukuta. Staphylococcus epidermidis wa ngozini, asiye hata na mkia, huushika kwa protini zake na kujijengea utando, na mara nyingi dawa hazitoshi: mpira utolewe, mtoto apasuliwe tena.

Benjamin Warf, mpasuaji Mmarekani aliyehamia Uganda mwaka 2000, aliona heri kuwanyima bakteria ukuta wenyewe. Kwa kamera nyembamba alitoboa sakafu ya chemba ya tatu ya ubongo ili maji yapate njia, kisha akachoma tishu inayoyatengeneza. Watoto 100 walilinganishwa Mbale, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: baada ya miezi 12, ukuaji wa akili wa waliotobolewa na wa waliowekewa mpira haukutofautiana kwa maana.

Wapo ambao tundu halikuwafaa, na hao bado huwekewa mpira. Kwao wapasuaji wengi huvaa glavu mbilimbili, wakavua za juu kabla ya kuugusa.