Mkaa wa miti kuyeyusha chuma

Wahunzi wa kale wa Buhaya waliyeyusha chuma kwa mkaa wa miti. Kaboni ya mkaa huondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma katika mawe yake. Leo viwanda vingi hutumia makaa ya mawe, ila huko Minas Gerais, Brazili, wapo wanaotumia mkaa wa mikaratusi iliyopandwa, ivunwayo baada ya miaka 7 hivi, kisha huchipua tena. Mkaa huo una salfa kidogo, lakini husagika ukilemewa, hivyo matanuru yake ni madogo.

Kamati au mfadhili akiletewa mradi wa aina hii aulize kwanza: miti inatoka msitu wa asili? Na shamba la mikaratusi lilikuwa la nani?