Mayai na ndizi vyaingiza fedha New Orleans

Mfanyabiashara anayepita New Orleans, mji wa bandari kusini mwa Marekani, ataona foleni nje ya migahawa saa nne asubuhi kila Jumamosi na Jumapili. Watu hao wanafuata branchi, mlo unaochukua nafasi ya kifungua kinywa na chakula cha mchana kwa pamoja. Kwa wenye migahawa ni biashara inayolipa, kwani malighafi yake ni ya kawaida tu: mayai, mkate, siagi na ndizi. Faida kubwa hutoka kwenye vinywaji.

Asili yake mjini hapo ni sokoni. Katika karne ya 19 wauza nyama wa French Market walianza kazi alfajiri, na ilipofika saa tano njaa ilikuwa imewashika. Mama Elizabeth Bégué, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliwapikia kifungua kinywa cha pili karibu na soko hilo. Baada ya maonyesho ya pamba ya dunia ya 1884 watalii nao wakaifahamu meza yake.

Jina kubwa leo ni Brennan's, Mtaa wa Royal, ulioanzishwa na Owen Brennan mwaka 1946. Wakati huo New Orleans ilikuwa mlango mkuu wa ndizi kutoka Amerika ya Kati, na mwaka 1951 mpishi wake Paul Blangé alibuni Bananas Foster: ndizi zilizopikwa kwa siagi, sukari na mdalasini, kisha zikamwagiwa ramu na kuwashwa moto mbele ya mteja. Mgahawa wenyewe hutaja matumizi ya pauni 35,000 za ndizi kwa mwaka, yaani karibu tani 16. Mkulima wa Bukoba anaweza kujiuliza ni wapi thamani hiyo inapoongezeka. Ni hapo mezani, si shambani.

Hata hivyo, jina kubwa halizuii hasara. Ukoo wa Brennan uligawanyika mwaka 1973, na miaka mingi ya mivutano ikafuata. Mwaka 2013 jengo lilipigwa mnada kwa sababu ya deni, na mgahawa ukafungwa huku wateja wakiwa bado wanaupenda. Ralph Brennan, wa tawi jingine la ukoo, pamoja na mshirika wake waliufungua tena mwishoni mwa 2014.

Waliojitenga mwaka 1973 walihamia Commander's Palace, mtaa wa Garden District, ambako Ella Brennan na ndugu zake waliingiza muziki wa jazi kwenye branchi. Wanamuziki hupita meza hadi meza. Kimbunga Katrina cha 2005 kiliufunga mgahawa huo kwa zaidi ya mwaka mmoja, lakini wateja walirudi. Anayekwenda aweke nafasi mapema na avae vizuri, kaptura hazikubaliki.

Court of Two Sisters, pia Mtaa wa Royal, wana uwanja wenye kivuli na mteja hujipakulia mwenyewe. Kwa anayependa kula taratibu pengine ndiyo sehemu nafuu kuliko hizo mbili. Mwenye mfuko mwembamba aende Café du Monde, iliyopo French Market tangu 1862: maandazi matatu ya mraba yaliyofunikwa sukari ya unga, na kahawa ya chikori yenye maziwa. Asivae suti nyeusi.

Kwa upande wa gharama, yai ndilo la kuangaliwa. Mafua ya ndege yalipoua kuku wa mayai, bei ya wastani ya dazani moja Marekani ilifikia dola 6.23 Machi 2025, rekodi, kabla ya kushuka. Sahani moja ya Eggs Hussarde hupakuliwa na mayai mawili, na mchuzi wake unahitaji viini vingine. Mgahawa uliopandisha bei wakati huo ulihatarisha foleni yake. Usiopandisha ulikula mtaji.