Mgonjwa asiyejua siku ya kurudi nyumbani

Juzi darasani, tulipokuwa tukijadili maana ya haki, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali lililonitoa jasho: "Mwalimu, yawezekanaje mtu awe mgonjwa na awe na hatia kwa tendo lilo hilo?"

Nilimkumbuka kijana niliyewahi kumfundisha hesabu, mpole, mwenye hati nzuri. Baadaye alipatwa na maradhi ya akili, akamuua jamaa yake akidhani anajikinga na adui. Miaka mingi imepita, naye angali katika wadi yenye ulinzi mkali. Wezi wa mabavu waliofungwa mwaka ule ule wamekwisha kurudi makwao, wameoa na kujenga.

Asili ya kitendawili hiki ni Uingereza. Mwaka wa 1882 mtu mmoja, Roderick Maclean, alimfyatulia Malkia Victoria risasi. Mahakama iliona kwamba hakuwa na akili timamu, ikasema hana hatia. Malkia alikasirika mno, na mwaka wa 1883 sheria ikageuzwa: mtu wa namna hiyo aitwe "mwenye hatia lakini mwendawazimu". Waingereza wenyewe waliuacha msemo huo mwaka wa 1964. Sisi tuliurithi, na hata baada ya uhuru tukaendelea kuukumbatia.

Kifungu cha 166 cha sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai kiliagiza mtu huyo azuiliwe kwa hiari ya Rais. Ripoti ya kwanza kuhusu hali yake iliandikwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Faili ikilala juu ya meza ya mkubwa, mgonjwa naye hulala wodini, hata kama daktari ameridhika kwamba amepata nafuu. Mwizi huhesabu siku zake ukutani. Mgonjwa hana cha kuhesabu.

Mahakama Kuu imelikemea jambo hili. Mwaka wa 2016 huko Meru, na mwaka wa 2018 huko Kisumu, majaji waliamua kwamba kumzuilia mtu bila kikomo kwa hiari ya Rais kunakwenda kinyume cha Katiba. Ama kwa hakika, kazi ya kukata hukumu ni ya mahakama.

Simaanishi kwamba milango ifunguliwe ovyo. Aliyeuawa naye alikuwa mtoto wa watu, na jamaa zake wana haki ya kulala bila hofu. Ninalolitaka ni kwamba kila mgonjwa awe na tarehe ya kurudi mbele ya hakimu, daktari asikizwe, na anayetoka apate dawa katika zahanati iliyo karibu na kwao.

Hata hivyo, sheria pekee haitoshi. Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kijana wangu hana anayemtembelea. Shamba lake limegawanywa, na jina lake halitajwi nyumbani. Nami, mwalimu wake, sijawahi kukanyaga huko. Nimewahukumu wakubwa wenye mafaili, kumbe faili yangu mwenyewe imelala.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: mgonjwa hutibiwa, mwenye hatia huadhibiwa, na anayefanyiwa yote mawili bila kikomo amedhulumiwa. Jumamosi ijayo nitafunga safari kwenda kumwona.